Wote walijua, hakuna aliyesema: kujenga utamaduni wa usalama kazini

Swali: Mimi ni ofisa usalama na afya katika kiwanda cha upakiaji chenye wafanyakazi wapatao 140 wanaofanya kazi kwa zamu mbili. Tuna mabango kila ukuta, tuna mkutano wa usalama kila asubuhi, na tuna kisanduku cha maoni. Hata hivyo mwezi uliopita kijana mmoja alinaswa vidole kwenye mnyororo unaoendesha mkanda wa kubebea maboksi. Kinga ya mnyororo huo ilikuwa imetolewa zaidi ya wiki nzima. Nilipouliza, karibu kila mtu wa laini ile alijua, na hakuna aliyeniambia. Sasa meneja anataka tuwatoze faini wasiovaa glavu, na tuongeze mafunzo. Nifanye nini ili watu waseme wanachokiona, na ujumbe wa usalama uwaingie kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyompata kijana huyo. Umeandika jambo ambalo wengi katika kazi yetu hulificha wanapoomba ushauri, kwamba watu wa laini nzima walijua. Tatizo lako liko hapo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Lakini kwanza mashine. Mnyororo unaozunguka bila kinga hautibiwi kwa mkutano wala kwa bango. Kinga irudishwe, ifungwe kwa boliti zinazohitaji spana ili isivuliwe kwa mkono, na ikiwezekana iunganishwe na swichi inayozima mota mara kinga inapofunguliwa. Sisi watu wa usalama tuna mpangilio wa kukabili hatari: kwanza iondoe kabisa, ukishindwa, tumia kifaa au njia nyingine iliyo salama zaidi, kisha weka kizuizi kati ya mtu na hatari, kisha ndipo zije taratibu na mafunzo, vifaa vya kuvaa mwilini ni vya mwisho kabisa. Meneja wako ameanzia mkiani. Na tena ameanza na glavu, ambazo karibu na mnyororo, roli au kitu chochote kinachozunguka zinaweza kunaswa na kuuvuta mkono ndani. Kabla ya kumtoza mtu faini kwa kutovaa glavu, muulize kwa nini havai. Huenda ameshaiona hatari ambayo aliyetunga kanuni akiwa ofisini hakuiona.

Sasa tuje kwa watu. Unasema hakuna aliyekuambia wewe. Sidhani kama hiyo ina maana kwamba hakuna aliyesema. Nenda kwenye laini uulize maswali matatu tu: nani alikuwa wa kwanza kuona kinga haipo, alimwambia nani, na alijibiwa nini. Ninapouliza hivyo viwandani, mara nyingi napata hadithi zinazofanana. Fundi alitoa kinga ili apake grisi, boliti mbili zikapotea, akamwambia supavaiza. Supavaiza akaambiwa stoo hazipo, zitaagizwa. Mwendesha mashine wa zamu ya pili akauliza, akajibiwa, "Fundi anajua." Siku ya nne hakuna aliyeuliza tena. Watu hao wote walisema. Ila taarifa yao haikupata mwenyewe, na mtu akisema mara mbili bila kupata jibu, mara ya tatu hufanya kazi yake na kunyamaza. Tusimwite mzembe mtu huyo. Amefundishwa kunyamaza, na aliyemfundisha ni kiwanda chenyewe.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, utamaduni wa usalama hujengwa na kile kinachotokea baada ya mtu kusema, kuliko kitu kingine chochote mnachoweza kubandika au kutangaza. Kila taarifa inayojibiwa huwafundisha watu kumi waliokuwa wakitazama kwamba kusema kuna faida. Ikipotea, hao hao kumi hujifunza kinyume chake.

Kuna ajali moja ninayoirudia kila ninapozungumza na wasimamizi. Tarehe 6 Machi 1987, kivuko Herald of Free Enterprise kiliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Uingereza, huku milango yake ya mbele ya kupitishia magari ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, na kwa muda mfupi sana kivuko kikapinduka. Watu 193 walikufa. Baharia aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Mkubwa wake, aliyekuwa wa mwisho kuondoka karibu na milango hiyo, hakuifunga wala hakuhakikisha kuna wa kuifunga, kwa sababu haikuwa kazi yake. Nahodha alikuwa juu, mahali ambapo hawezi kuiona milango, na utaratibu wa kazi ulimruhusu kuchukulia kwamba meli iko tayari maadamu hajaletewa taarifa ya hitilafu. Hakuletewa, akaondoka.

Zaidi ya hapo, manahodha wa kampuni hiyo walikuwa wameshaandika kuomba taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa. Huko ofisini nchi kavu, ombi hilo lilifanyiwa mzaha. Mmoja wa wakubwa aliuliza kwa kejeli kama walitaka pia taa ya kuwajulisha kwamba mhusika wa sitaha yu macho na hajalewa. Baada ya ajali ndipo taa hizo zilipofungwa haraka.

Mambo mawili yaliwaua watu wale kabla ya maji kuingia: kimya kilihesabiwa kuwa habari njema, na waliosema walichekwa. Sasa tazama mkutano wako wa asubuhi unavyoisha. Nadhani ni hivi: "Kuna mwenye swali? Hakuna? Haya, kazi njema." Huo ni utaratibu ule ule wa nahodha. Kimya kimepokelewa kama uthibitisho kwamba kinga zote zipo.

Geuza utaratibu huo. Laini isiwashwe kwa sababu hakuna aliyelalamika; iwashwe kwa sababu mwendesha mashine amezunguka, ameangalia, na ametamka kwa sauti mbele ya supavaiza: "Laini ya 2, kinga nne zipo, kitufe cha dharura nimekibonyeza na kimezima." Asipotamka, haiwashwi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na faida yake kubwa ni kwamba siku kinga ya tatu haipo, mtu hatakiwi tena kutafuta ujasiri wa kulalamika. Anatakiwa tu kuhesabu na kusema tatu badala ya nne.

Kuhusu jibu, weka muda na uutaje hadharani. Mimi hupendelea saa 24. Ndani ya saa hizo aliyetoa taarifa apate jibu, hata kama tatizo lenyewe halijatatuliwa. Jibu linaweza kuwa la namna tatu: tumeshatengeneza, tutatengeneza siku fulani, na hadi wakati huo mashine imefungwa au tumeweka kizuizi hiki, au hatutafanya, na sababu ni hii. Jibu la tatu ndilo linaloogopwa na viongozi wengi, nao hulikwepa kwa kukaa kimya. Usilikwepe. Mfanyakazi anaweza kukubali "hapana" yenye sababu, au akaibishia, na ubishi wake ukakufundisha kitu. Asichoweza kufanya chochote nacho ni kupuuzwa.

Andika taarifa na majibu kwenye ubao mmoja mkubwa mahali watu wanapopita kuingia kazini. Usiutengeneze kwa jedwali la rangi saba. Mistari kama hii inatosha:

"Laini ya 2. Kinga ya mnyororo haipo. Imeonekana zamu ya usiku, Jumatatu. Mashine imezimwa na kufungwa kwa kufuli. Boliti zinafika Jumatano. Anayefuatilia: supavaiza wa mchana."

Mstari wa mwisho ndio muhimu kuliko yote. Ikiandikwa "idara ya matengenezo inafuatilia", ujue hakuna anayefuatilia. Nacho kisanduku cha maoni, kama hufunguliwa mara moja kwa mwezi, kiondoe ukutani. Kinawafundisha watu kwamba maneno yao yanaweza kusubiri. Ukitaka kubakiza njia ya siri kwa mwenye hofu, na ni vizuri iwepo, basi kifunguliwe kila siku na majibu yaende ubaoni kama mengine, bila kutafuta mwandiko wa nani.

Sasa lugha yenyewe. Nimesoma mabango mengi yanayosema "Usalama Kwanza" na "Kuwa Makini Wakati Wote", na sijaona hata moja linalomwambia mtu aweke mkono wake wapi. Ujumbe wa usalama unaofaa hutaja mahali, kitendo na sababu. "Boksi likikwama, zima, toa funguo, ndipo uingize mkono, mkanda huu una sensa na unaweza kuanza wenyewe." Mtu akisikia hivyo anajua la kufanya kesho saa nne boksi litakapokwama. Akiambiwa awe makini, atakuwa makini kwa namna yake, na ataingiza mkono kwa makini.

Mkutano wa asubuhi ufanye uwe mfupi na uhusu kazi ya siku hiyo. Ukimsomea mtu kanuni zile zile kumi kila siku, wiki ya tatu masikio yake yamefunga. Anza kwa swali: leo kuna nini tofauti na jana? Kuna mgeni kwenye laini, kuna mashine imetoka matengenezo, sakafu imelowa mlango wa nyuma, forklift moja haina king'ora cha kurudi nyuma? Kisha chagua hatari moja kati ya hizo na mfanye mtu aonyeshe, kwa mikono yake, namna ya kuikabili. Usiulize "mmeelewa?" Kila mtu huitikia "ndiyo", hasa akiulizwa na mkubwa mbele ya wenzake. Sema, "Hebu nionyeshe ungeanzaje." Ukiona mikono yake inakosea, umepata nafasi ya kurekebisha kabla mnyororo haujafanya hivyo. Njia hii humsaidia pia asiyesoma vizuri, na yule ambaye lugha ya kiwandani si lugha yake ya kwanza, ambao mabango yako yote hayajawahi kuwafikia.

Wenzetu wa anga walijifunza somo la maneno kwa gharama kubwa mno. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa za abiria ziligongana kwenye njia ya kurukia uwanjani Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, katikati ya ukungu, na watu 583 walikufa. Rubani msaidizi wa ndege moja alitamka redioni maneno ambayo mwongoza ndege angeweza kuyaelewa kuwa tuko tayari kuruka, ilhali ndege ilikuwa tayari inakimbia. Mwongoza ndege akaanza kwa kujibu "sawa", kisha akaagiza wasubiri, lakini agizo hilo likafunikwa na mlio wa redio kwa sababu ndege ya pili ilikuwa ikizungumza wakati ule ule. Baada ya hapo taratibu za mawasiliano zilibanwa: neno la kuruka litumike tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na rubani arudie maagizo muhimu kama alivyoyasikia badala ya kuitikia "sawa".

Chukua kanuni hiyo uilete kwenye laini yako. Maneno "washa", "zima" na "simama" yawe na maana moja, yatamkwe na mtu anayeruhusiwa, na anayeambiwa ayarudie. "Washa laini ya 2." "Nawasha laini ya 2." Wiki ya kwanza watu wataona haya kidogo. Wasimamizi wakianza wao bila kucheka, haya hiyo itaisha.

Makabidhiano ya zamu yanahitaji nidhamu hiyo hiyo, na zaidi. Kwenye mtambo wa mafuta wa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, pampu moja ilikuwa imetolewa vali ya usalama ili ikafanyiwe matengenezo, na mdomo wa bomba ukafunikwa kwa kipande cha chuma. Jioni zamu zikabadilishana. Usiku pampu ya pili ikazimika, na watu wa zamu mpya, ambao hawakujua kuwa vali haipo, wakawasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ukatokea mlipuko, kisha moto, na watu 167 wakafa. Karatasi ya kibali iliyoeleza habari za vali ilikuwepo. Imeandikwa, imesainiwa, na haikuwa mbele ya macho ya mtu aliyekuwa akiihitaji.

Kwa hiyo usiridhike na daftari la zamu. Anayetoka na anayeingia wasimame pamoja kwenye mashine yenyewe, waguse kilichobadilika, na anayeingia arudie kwa maneno yake alichoambiwa. Kinachofanyiwa matengenezo kifungwe kwa kufuli kwenye swichi yake kuu, na lebo yenye jina la aliyekifunga, ili hata maneno yakisahaulika mashine isiwake. Kama zamu zako zinapishana getini, mmoja akivua ovaroli huku mwingine akivaa, mwombe meneja dakika kumi za kupishana zilipwe kama kazi. Bila malipo hayo makabidhiano yatafanyika kwa hisani ya watu wawili waliochoka.

Nafika kwa supavaiza, maana ndiye anayeweza kubomoa yote niliyoandika bila hata kujua. Asubuhi amesema usalama kwanza. Saa tano oda imechelewa, lori linasubiri, mkanda unakwama kila baada ya dakika mbili, na anasema, "Jamani, malizeni kwanza hii, tutaangalia baadaye." Katika sentensi hiyo wafanyakazi wamesikia sera halisi ya kampuni. Mnaweza kurudia ya asubuhi mwaka mzima, wao wataishi kwa ile ya saa tano. Uthabiti wa ujumbe hupimwa pale usalama unapogharimu kitu, kwa hiyo zungumza na masupavaiza mapema, kabla oda haijachelewa, mkubaliane ni nini kitakachosimamisha laini bila kuomba ruhusa ya mtu: kinga ikiwa haipo, kitufe cha dharura kisipofanya kazi, mtu akiwa ndani ya eneo la mashine, na mengine mtakayoyaona wenyewe. Orodha iwe fupi. Meneja aisaini, na aseme mbele ya watu kwamba lori litasubiri.

Haki hiyo ya kusimama haitokani na huruma ya mwajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake alindwe asipate madhara yasiyostahili kwa kufanya hivyo. Anatakiwa kumjulisha msimamizi wake mara moja, na mwajiri hawezi kumtaka arudi mahali penye hatari hiyo kabla ya kuchukua hatua. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya katika kanuni za msingi na haki kazini. Waambie watu wako habari hizi kwa lugha yao ya kila siku, na uwaambie wasimamizi kwanza, ili siku mtu akisimama wasione ameasi.

Na atakaposimama kwa mara ya kwanza, kila kitu kitategemea sura ya supavaiza. Hata kama amekosea na hapakuwa na hatari, neno la kwanza liwe "asante kwa kusimamisha, hebu tuangalie." Kelele moja mbele ya wenzake itafuta kazi yako ya miezi. Sioni neno jingine lenye uzito kama hilo katika mambo yote haya, na ningetaka kila msimamizi alifanyie mazoezi hadi limtoke bila kufikiri.

Hapa ndipo faini ya meneja inaponisumbua. Kijana aliyeumia akiona kila ajali inafuatwa na kutafuta wa kukatwa mshahara, safari nyingine atafunga kidole kitambaa na kuendelea na kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kiwanda kinachoadhibu kila kosa hugeuza watu wote kuwa waficha maradhi. Sisemi nidhamu ifutwe. Kuna tofauti kati ya aliyeteleza, aliyekata njia kwa sababu kila mtu hufanya hivyo na bosi anaona, na aliyejua hatari, akaambiwa, akaamua kuwahatarisha wenzake. Wa kwanza umsaidie na urekebishe mashine iliyomruhusu ateleze. Wa pili akuonyeshe kwa nini njia sahihi ni ngumu kiasi cha watu kuikimbia, na uirahisishe. Wa tatu peke yake ndiye wa hatua za nidhamu, nazo zimguse yeyote, hata supavaiza mwenye rekodi nzuri ya uzalishaji. Tofauti hizo ziandikwe na kuelezwa kabla ya ajali nyingine, kwa sababu zikielezwa baada yake zitaonekana zimetungwa kumwokoa au kumkomoa mtu fulani. Ripoti ya ajali hii nayo msomee kijana mwenyewe kabla hujaisaini, umuulize kama ndivyo ilivyokuwa.

Utakapozungumza na meneja, mwandae kwa jambo litakalomshtua: njia hizi zikianza kufanya kazi, idadi ya taarifa itapanda. Atadhani kiwanda kimeharibika. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na hali hiyo miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya dawa hospitalini. Timu zilizokuwa na uongozi mzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi, na alipochimba akaona maelezo yake ni kwamba huko watu walikuwa huru kuyasema. Mwambie meneja mapema kwamba taarifa nyingi za hatari ndogo na za ajali zilizoponea chupuchupu ndizo anazopaswa kuzitaka, na apime badala yake ngapi zimejibiwa ndani ya saa 24 na ngapi zimefungwa kwa tarehe iliyoahidiwa.

Kama kuna zawadi ya "siku kadhaa bila ajali", iondoeni. Inawapa watu sababu ya kumbembeleza mwenzao asiandike jeraha lake. Tena hesabu ya majeraha peke yake hudanganya. Kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texas City, Marekani, mlipuko wa tarehe 23 Machi 2005 uliua watu 15 na kujeruhi wengine 180, na jopo lililochunguza usalama wa viwanda vya kampuni hiyo lilieleza kwamba kushuka kwa majeraha ya mtu mmoja mmoja kulitafsiriwa kimakosa kuwa dalili kwamba mitambo yenyewe iko salama.

Mafunzo zaidi ambayo meneja anayataka yana nafasi yake, ila nisingeyaanza na wafanyakazi wa laini. Ningeyaanza na masupavaiza, nao wafundishwe mambo mawili tu: kupokea habari mbaya bila kukasirika, na kurudisha jibu kwa wakati. Mengine yatafuata.

La mwisho ni zamu ya usiku. Wewe, meneja na kamati ya usalama mnafanya kazi mchana, na karibu kila kinachotangazwa kinatangazwa mchana. Usiku kuna fundi mmoja, supavaiza mmoja, wasafishaji walioletwa na mkandarasi ambao pengine hawajawahi kuhudhuria mkutano wako hata mmoja, na vibarua walioanza jana. Hao ndio wanaoingiza mikono kwenye mashine za watu wengine kuzisafisha. Nenda kwao usiku, mara moja kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza, na usiende na fomu ya ukaguzi. Nenda na majibu ya taarifa walizotoa wiki iliyopita, uwasomee moja moja, na kama lipo ambalo halijajibiwa uwaambie nani analo na litajibiwa lini. Mkandarasi wa usafi naye awe na mtu wake kwenye kamati ya usalama, na wasafishaji wafundishwe kufunga swichi kuu kwa kufuli zao wenyewe kabla hawajagusa mkanda.